Unahama na treni zako za mfano: ukate leyauti, ubomoe, au uiachie wengine?

Naanza na jibu langu kabisa ili usome ukijua nimesimama wapi. Kama unahama nyumba na una leyauti ya treni (yani meza yote na reli zake, nyaya, vilima, stesheni na vikorokoro vyote vya juu), kwa wengi wetu kinacholipa ni kubomoa, kuokoa vitu vya bei, na kuondoka na kipande kimoja tu kikiwa kizima. Kuihamisha yote kama ilivyo ni kwa wachache waliojenga wakijua ipo siku watahama. Kuiuza au kuigawa ni kwa wale ambao nyumba mpya haina nafasi na wanaijua hiyo hali, hata kama hawataki kuisema. Naandika zaidi kwa tulioko Uingereza maana huku ndo huu mchezo umejaa, nyumba ni ndogo, watu wanahama hama, na leyauti nyingi ziko darini au kwenye gereji ya nyumba, ila chini nitagusa wanaorudi Bongo na kontena maana hao hesabu yao iko tofauti.

Sasa kitu ambacho naona kinawachanganya watu ni hiki, kinachouma kukiacha na kilichokula pesa sio kitu kimoja. Roho inauma kwenye mandhari, kile kilima ulichokipaka rangi usiku usiku, kimto cha risini, miti uliyoibandika mmoja mmoja. Lakini kilima ni magazeti, plasta na gundi nyeupe ya mbao, vitu vya pauni chache. Pesa iko kwenye vichwa vya treni, mabehewa, pointi, mota zake na kontrola (kile kiboksi cha kuendeshea treni). Kichwa kipya cha OO (saizi ya treni za mfano iliyozoeleka zaidi Uingereza) siku hizi kinaanzia pauni 100 na kitu, chenye sauti kinapita 250 bila shida, na pointi moja (zile reli za kuhamisha treni toka njia moja kwenda nyingine) ya kampuni ya Peco iko kwenye 20 na kwenda juu. Leyauti yenye stesheni na kayadi kadogo ina pointi kumi na ushee, piga hesabu mwenyewe. Na vyote hivyo, ukivitoa vizuri, vinaingia kwenye maboksi machache ya kubeba mkononi. Kinachohitaji vani kubwa na watu wanne ni mbao na plasta, yani ile sehemu ya bei rahisi kuliko zote.

Kabla ya yote pima chumba kipya

Watu wanaanza kufikiria msumeno kabla hawajajua wanapeleka wapi. Chukua futi kamba, nenda kwenye nyumba mpya, pima chumba, mlango unafungukia wapi, dirisha liko juu kiasi gani, soketi ziko wapi, na kama ni darini pima lile tundu la kupandia. Leyauti nyingi za darini zilijengwa zikiwa huko huko juu, mbao zilipita moja moja, meza nzima haijawahi kupita kwenye lile tundu na haitapita. Bodi ya 1220 kwa 610 mm ndo saizi ambayo mtu mmoja anaibeba na inapita milango ya kawaida, ila matundu mengine ya darini hata hiyo inakataa, lipime usikadirie.

Alafu kona. Hornby, kampuni ya treni za mfano, wana kona zao za kawaida, ya kwanza nusu kipenyo ni 371 mm, ya pili 438, ya tatu 505, ya nne 572. Vichwa vikubwa vingi vya sasa havitaki kona kali kuliko ya pili. Duara kamili la kona ya pili, toka katikati ya reli mpaka katikati ya reli ya upande wa pili, ni 876 mm, ukiongeza nafasi ya behewa kupepea na ukingo wa usalama unahitaji bodi ya mita 1 na zaidi kidogo. Kama ulikua darini una kona za nne zimetulia na sasa unahamia kwenye nyumba ambayo ulichopewa ni kile kichumba cha tatu ambacho kitanda kimoja kinakijaza, basi swali la kukata na kubeba limeshajijibu lenyewe. Bodi yenye kona iliyogandishwa kwa gundi na kokoto huwezi kuikunja upya.

Kuna wanaosema ah basi nahamia N, saizi ndogo kuliko OO, geji yake (upana kati ya reli mbili) ni 9 mm, huku Uingereza skeli yake 1:148, nafasi inapungua karibu nusu kila upande. Ni kweli inapungua. Ila vichwa vyako vyote vya OO vinakua mapambo ya kabati, kwa hiyo usibadilishe skeli eti kwa sababu tu unahama, badilisha kama ulikua unataka tangu zamani.

Kukata na kubeba, ukiweka pembeni ya kubomoa

Hizi mbili ndo watu wanazipima kweli kweli, kwa hiyo nazieleza pamoja.

Kama bodi zako ziliunganishwa kwa bolti toka mwanzo, na nyaya zinapita kwenye plagi kila zinapovuka kiungo, hongera, usisome sana hapa, fungua bolti, chomoa plagi, beba. Wanaopeleka leyauti kwenye maonyesho wanafanya hivo kila wikendi. Wana ujanja mmoja ambao hata wewe unakufaa: bodi mbili zinageuziwa uso kwa uso, mandhari ndani, alafu zinafungwa kwa vipande viwili vya plaiwudi kwenye ncha, linatoka boksi moja gumu ambalo miti na nguzo ziko katikati haziguswi na kitu. Hakikisha tu urefu wa hivyo vipande unapita jumla ya kitu kirefu cha bodi ya juu na kirefu cha bodi ya chini, au zipangilie zisigongane.

Shida ni ile leyauti iliyojengwa kama meza moja kubwa. Kuikata inawezekana, na mpangilio wa kazi ndo unaoamua kama itafufuka au itakufa. Unaanza kwa kushika, kukata kunakuja baadae kabisa. Pale unapotaka kupitisha msumeno, kila upande wa mstari weka ubao wa fremu chini ya bodi, mbao mbili zinaangaliana zikiwa zimeachia upana wa meno ya msumeno tu, alafu zitoboe zote mbili kwa drili kwa pamoja na upitishe bolti za M8 zikiwa bado ziko sawa. Ukitoboa baada ya kukata, umekwisha, hazitalingana tena. Kwa usahihi zaidi weka zile doweli za shaba za wachonga moulds, moja dume moja jike, bolti inabana ila doweli ndo inayorudisha bodi mahali pale pale kila mara.

Kisha reli. Kila reli inayovuka mstari iokoe kwanza: toa taruma za plastiki mbili tatu kila upande, weka vipande vya bodi ya shaba, zile zinazotengenezewa vifaa vya redio, vibane kwenye mbao na uchome reli juu yake kwa risasi (usisahau kukwangua mfereji katikati ya shaba la sivyo umeunganisha reli mbili na umeme unapiga shoti). Reli ikishashikwa ndo unaikata na kile kisahani chembamba cha kukatia cha drili ndogo ya mkono, reli moja moja taratibu na miwani ya macho usoni maana vile visahani vinapasuka na kuruka. Mwisho kabisa ndo inakuja jigso kwenye bodi. Na mstari wa kukata usipite kwenye pointi, usipite ndani ya handaki, na pale inapowezekana usipite kwenye kona, tafuta sehemu ambayo reli imenyooka na inavuka mstari kwa pembe mraba. Kiungo kitabaki kua sehemu ya matatizo milele, kama kile kipande cha Kilosa mpaka Gulwe kwenye reli ya kati, njia yote inaweza kua nzima ila kila masika tunasikia pale pale ndo imekatika.

Nyaya sijazigusa bado. Leyauti ya umeme wa kawaida, ile ya reli kugawanywa sehemu sehemu na swichi kibao, inaweza kua na waya 30 au 40 zinazovuka mstari mmoja, na zote uziwekee lebo, uzikate, na uzipitishe kwenye plagi za pini 25. Ya DCC, ile ya kuendesha kila kichwa kwa amri za kidijitali, ina nyaya kuu mbili tu nene za kubeba kila kitu, ukiacha za mota za pointi, kwa hiyo mwenye DCC kukata ni nafuu sana. Hii peke yake inaweza kubadilisha uamuzi wako.

Kubomoa sasa. Watu wanalichukulia kama msiba ila kazi yake ni ya mpangilio pia, na inategemea uligandisha reli na nini. Waliopigilia visumari, wanachomoa na koleo ndogo na wamemaliza. Waliotumia Copydex, ile gundi ya mpira mweupe yenye harufu, reli inabanduka na kokoto zinabaki kama ngozi unaisugua kwa kidole inatoka. Waliomwagia kokoto kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ndo wengi wetu hao, wanahitaji maji ya moto: mwagia kidogo kidogo na tone la sabuni ya vyombo, subiri ilainike, alafu pitisha patasi pana au kikwangulio cha rangi chini ya mataruma kikiwa kimelala bapa kabisa, usinyanyue upande mmoja maana reli ikishapinda kwenda juu hainyooki tena vizuri. Toa mota za pointi kwanza kabla ya maji, na chomoa kila kitu cha umeme ukutani, sio kuzima tu, chomoa. Pointi zikitoka zioshe, sugua kokoto iliyonasa kwenye ulimi, ziache zikauke kabisa ndo uzifunge. Aliyetumia gundi ya ujenzi, ile ya kwenye bomba la kusukuma, pole sana, reli za kunyooka ziache kwenye bodi, okoa pointi tu kwa kukata ubao chini yake.

Ukiziweka bega kwa bega, kukata kunaonekana kwa haraka kama kunaokoa muda, na kwa siku ya kuhama ni kweli, bodi zinaingia tu kwenye vani (zile za boksi wanazoita Luton sehemu ya mizigo ina urefu wa mita 4 hivi, zinatosha). Lakini muda unaukuta upande wa pili. Unafika, sakafu mpya haiko sawa na ile ya zamani, miguu inahitaji skrubu za kurekebisha, reli kwenye viungo zimepishana nusu milimita na behewa la mbele linaruka, plasta imepasuka kando ya mkato na rangi uliyotumia zamani hukuiandika jina. Unarudi kujenga ukiwa unarekebisha, na mandhari iliyorekebishwa huwa inajulikana. Anayebomoa anaumia mwanzo, anakaa bila treni miezi, ila anajenga leyauti inayolingana na chumba, na makosa yote ya ile ya zamani (kila mtu anayajua ya kwake, ile pointi iliyowekwa mahali mkono haufiki) hayahami nae.

Kuna hoja moja ya kukata ambayo naiheshimu: kama umeshazeeka au afya haikuruhusu kulala chini ya meza kuchoma nyaya upya, leyauti iliyokatwa na kuunganishwa ni treni inayotembea mwaka huu. Hapo hata mimi nakata.

Ile ya katikati

Ndo ninayoipendekeza. Chagua mita moja au moja na nusu, kwa kawaida ni stesheni au yadi ya injini, pale ulipoweka mikono yako zaidi. Kata hicho tu kwa utaratibu wa hapo juu, kipe fremu yake, kifunge uso kwa uso na bodi tupu ya plaiwudi. Vingine vyote bomoa. Nyumba mpya inakua na kipande cha kuanzia, unaweza hata kuwasha kichwa kikaenda na kurudi wakati unajenga, na hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana maana watu wengi waliobomoa vyote wanaishia na maboksi darini miaka na miaka. Na ukijenga upya jenga kwa bodi za kufunguka. Wa N wana T-TRAK kabisa, moduli za mezani zinazounganishwa kwa reli za kampuni ya Kato, moduli moja ndogo ina urefu wa 308 mm, kuhama kwake ni kuziweka kwenye masanduku basi.

Kuuza au kugawa

Hapa nitasema ukweli mchungu, leyauti nzima haina bei. Mnunuzi anaona gharama ya vani, nyaya asizozijua na bodi isiyoingia kwake. Vichwa, mabehewa na pointi ukiuza kimoja kimoja pesa inarudi kiasi, vikiwa na maboksi yake ya asili zaidi. Ukiuza yote kwa mkupuo kwa duka la vitu vilivyotumika unapata kidogo ila unamaliza siku moja, hiyo ni biashara halali kabisa kama tarehe ya funguo imekaribia.

Klabu za treni za mfano ni tofauti. Klabu wanaweza kuchukua leyauti kama imejengwa kwa vipande na inaonyesheka, la sivyo watakushukuru kwa reli. Zipo zilizopata bahati kubwa, ile Madder Valley ya John Ahern, mmoja wa waliowafundisha Waingereza kujenga mandhari na sio reli tu, leo iko kwenye makumbusho ya Pendon kule Long Wittenham, Oxfordshire. Ila ya kwangu na ya kwako sio Madder Valley, tusijipe moyo.

Na kumuachia anayenunua nyumba? England na Wales muuzaji anajaza fomu ya TA10 inayosema nini kinabaki na nini kinaondoka. Usiiache darini kimya kimya ukidhani ni zawadi, kwa mwingine ni taka ya kulipia kuondolewa. Iandike, mkubaliane. Mpangaji ndo kabisa, matundu ya skrubu ukutani yanakula dipoziti.

Kwa wanaorudi Bongo

Umeme sio tatizo, Tanzania ni volti 230 kama Uingereza na soketi za pini tatu bapa ni zile zile, kontrola yako itachomekwa tu. Tatizo ni mbao. Kubeba bodi kwenye kontena ni kulipia nafasi ya hewa, alafu plaiwudi laini unaipeleka kwenye nchi ya mchwa na MDF unaipeleka kwenye unyevu wa Dar au Tanga ikavimbe kama mkate. Acha mbao huku. Beba vichwa, mabehewa, pointi, reli za kukunja (za Peco zina urefu wa 914 mm, tengeneza bomba au boksi refu, usizikunje safarini) na kontrola, mbao nzuri na fundi utavikuta. Zile reli za zamani za chuma za Hornby usihangaike nazo, pwani zinashika kutu, chukua za nikeli tu. Hapa kwa hiyo hakuna ulinganisho, ni kubomoa moja kwa moja.

Mabanda ya bati pia yana joto, na reli inatanuka. Mita 3 za nikeli zikipanda nyuzi 30 zinaongezeka milimita 1 na nusu hivi, kwa hiyo acha nafasi kwenye viungio. Darini Uingereza ni hivyo hivyo, Januari na Julai ni nchi mbili tofauti kule juu.

Nani achukue ipi

Bodi zako zinafunguka na chumba kipya ni sawa au kikubwa: beba zote. Meza ni moja, una DCC, chumba kinatosha na mwili haukuruhusu kujenga upya: kata. Meza moja, nyaya za kizamani, chumba kimebadilika umbo: bomoa, baki na stesheni. Hujui hata utakaa wapi, unapanga miezi sita kwanza: bomoa vyote, usilipie stoo ya mwezi kwa ajili ya plasta. Watoto wamehama na hujawasha treni tangu kabla ya korona: uza vichwa wakati bado maboksi yako mazuri.

Vyovyote utakavyochagua, vichwa na mabehewa visipande vani ya mizigo, vikae kwenye gari unayoendesha mwenyewe, kila kimoja kwenye boksi lake. Kama boksi ni la zamani na sponji yake imeanza kunata, itoe, ile ikioza inakula rangi, zungushia karatasi laini badala yake. Betri zitoke kwenye rimoti. Piga picha kila mita ya juu na ya chini ya bodi kabla hujagusa waya hata mmoja, na lebo ziwe za tepu ya karatasi yenye kalamu isiyofutika, namba ile ile pande zote mbili za waya. Boksi la pointi liandike wazi juu, maana hilo ndo la kwanza utalitafuta na ndo litakalokua limefunikwa na sufuria.